Mituweli ya afya kijijini: maswali yenye watu wa Bukavu na pembeni wanaulizaka kila mwaka

Kila wakati wa kotizasio (ile pesa ya mwaka ya mituweli) ukifika ni maswali ile ile, Kabare, Walungu, Katana, Idjwi, ata hapa mjini Kadutu. Nimeyakusanya fasi moja ili mutu asome kwanza. Kama jibu linakutuma kwa swali ingine, enda ulisome kule, sitarudilia. Na hesabu zenye ninatia humu ni mifano tu, kila mituweli iko na bei na masharti yake, ya kwenu utaipata kwa ofisi yenu.

## Ya mwanzo

1. Mituweli inatofautiana namna gani na likilimba ao AVEC?

Mu likilimba kila mutu zamu yake inafika, anabeba yote. Mu AVEC unaweka, unakopa, mwisho wa mwaka munagawana na faida juu. Mituweli haina zamu na haina kugawana. Wote munatia, na pesa inaenda kwa mwenye ameshikwa na ugonjwa, aliyefanyiwa sezarieni, mwenye mutoto alilazwa na malaria kali.

Ninaanza na hii juu ugomvi mingi unatokea hapa. Mutu amezoea AVEC, Desemba inafika anauliza "sehemu yangu iko wapi?", wanamwambia haiko, anaona wamemwibia na mwaka wenye kufuata analala na makuta yake nyumbani.

2. Kwa hiyo nisipogonjwa pesa haitarudi?

Haitarudi. Ilikwisha kutunza mwenzako. Mituweli zingine zinafanya kitu kidogo kwa wasiougua, lakini usiingie juu ya hiyo.

3. Ni ya serikali ao ni ya kanisa?

Ni ya wanachama, angalau kwa karatasi. Sheria ya kwetu yenye inasimamia mituweli ni ile sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017, na inataka wanachama wenyewe wachague viongozi na waonyeshwe hesabu. Lakini huku Kivu ya Kusini nyingi zilizaliwa ao zilikomaa kwa mukono wa kanisa, zaidi BDOM (biro ya kanisa ya kazi za afya) ya arkidiosezi ya Bukavu, njo maana watu wanasemaka "mituweli ya wapadri". Kanisa linasaidia, linafundisha, saa ingine linatoa ofisi, lakini kama mukutano mukuu haufanyikake na hamujaonyeshwa ata siku moja pesa iliingia ngapi na ikatoka ngapi, hapo muko na shida na si kosa la padri peke yake, ni nyinyi pia hamukuuliza.

4. Ng'ambo ya Ruzizi kila mutu iko na mituweli. Juu ya nini kwetu inashindwa?

Hili swali linakuyaka kila mara, juu tunaona watu wa Cyangugu wanaenda santre na karte na wanatoka wakicheka. Ya Rwanda ni ya lazima kwa sheria, serikali inalipia maskini, inaongeza pesa juu ya ile ya wananchi, na tangu 2015 inasimamiwa na RSSB, shirika la taifa la akiba ya jamii. Kwa miaka mingi wengi walilipa franka 3.000 za Rwanda kwa mutu kwa mwaka, na kwa santre walikuwa wanaongezea 200 tu, kwa hopitali asilimia 10. Hiyo 3.000 peke yake haiwezi kulipa matunzo ya mutu, ni ile pesa ya serikali na ya wafadhili njo inabeba uzito.

Kwetu ni kwa mapenzi, na serikali haitii kitu kikubwa. Kitu kikiwa kwa mapenzi, mwenye kujijua mugonjwa njo anakimbilia, kijana mwenye nguvu anabaki nje, na kapu linakwisha haraka. Masharti mingi yenye watu wanachukia (angalia swali la 5 na la 7) yalitoka hapo.

## Kuingia na kulipa

5. Ninaweza kuandikisha paka mutoto moja mwenye anagonjwagonjwaka?

Apana, na usijaribu kuficha. Ni nyumba nzima: baba, mama, watoto, na kila mwenye kulala na kula hapo. Kama kila jamaa ingeleta tu ule wake mwenye kukohoa, mituweli ingefunga mbele ya mwezi wa tatu. Karte mingi ziko na picha za wote, zimebandikwa moja kando ya moja na muhuri umepita juu ya picha, ili mutu asiazimie shemeji yake. Na watu wanaazimanaka kweli, ukikamatwa nyumba yote inatoka.

6. Ni pesa ngapi, na kama sina yote kwa mara moja?

Ni dola chache kwa mutu kwa mwaka. Tuseme ni 5: muko saba, ni 35. Kwa mwenye mushahara si kitu, kwa mama wa Walungu mwenye kuuzisha mihogo na ndizi kwa soko ni pesa ya kweli, na hii wenye kufundisha "faida za mituweli" wanaisahauka. Shida si kwamba mama haelewi. Kipindi cha kulipa kikianguka Januari, kichwani eko na minerval na uniforme, ile 35 itatoka wapi? Mituweli zenye akili zinafungua wakati wa mavuno ya maharagi, ao zinakubali kulipa kidogo kidogo miezi mbele, na karte inafunguka siku pesa imetimia.

Lipa kwa simu kama wanakubali, M-Pesa ao Airtel Money, juu mesaji inabaki. Ukilipa mukononi, usitoke bila risiti yenye namba na sinyatire. Na uulize pesa ya mituweli inalala wapi. Mwanzo wa 2025 mabenki za Bukavu zilipofunga milango, watu wengi njo waligundua kama hawakuwahi kuuliza.

7. Nililipa wiki iliyopita, mutoto akapata malaria, wanasema ningoje miezi tatu. Ni wizi?

Si wizi, ni muda wa kungoja, na wengi wanaweka karibu miezi tatu kwa mwanachama mupya. Bila huo muda mutu angekuja na tumbo la miezi tisa, alipe dola zake, afanyiwe sezarieni, kisha mwaka unaofuata asirudi. Lakini mwenye kukuandikisha alipashwa kukuambia mbele ya kubeba pesa, na kama hakusema, ripoti kwa komite. Ukiendelea mwaka kwa mwaka bila kukata, kwa kawaida haungojake tena. Ukiruka mwaka, unaanza kama mupya.

8. AVEC yetu inaweza kulipia wanachama wote pamoja?

Inaweza, na kwa maoni yangu njo njia bora kuliko zote. Kila juma munatia kidogo kwa kasha la kijamii, siku ya kotizasio ikifika pesa iko, hakuna mwenye kusumbuka. Na kikundi cha watu 25 chenye jamaa zao kikienda kusema "dawa haziko", kinasikiliwa kuliko mama moja mwenye mutoto mugongoni.

## Kwenye santre

9. Niko na karte, juu ya nini wananiomba tena pesa?

Ni sehemu yako, ile wanaitaka tike moderatere. Mituweli inabeba sehemu kubwa, wewe unabeba kadogo. Tuseme fakitire ni franka 20.000 na sehemu yako ni asilimia 20, utatoa 4.000. Imewekwa ili mutu asikimbie santre juu ya kila mafua. Kitu cha kuchunga: ile sehemu iwe imeandikwa, na ihesabiwe kwa fakitire yenye unaona. Kama wanakutajia namba tu mudomoni, omba karatasi.

10. Ninaweza kwenda moja kwa moja Panzi ao hopitali jenerali?

Mituweli haitalipa, isipokuwa ni hatari ya kweli. Matunzo yetu iko kwa ngazi: Kivu ya Kusini iko na zone za afya 34, kila zone imegawanyika mu aire, kila aire na santre yake, na juu kuko hopitali kubwa ya zone. Unaanza santre, anfirmie akiona imemushinda anakuandikia bye ya transferi, na ni ile karatasi mituweli inaangalia. Ukifika hopitali bila bye unalipa kama kila mutu.

Akina mama wengi wanaruka santre juu hawaiamini, na saa ingine wako na haki (swali la 15). Lakini ujue: mara mingi mituweli hailipake njia. Ya mutu wa Idjwi ni ngumu zaidi, usiku, mama mwenye uchungu, mutumbwi wa motere unangoja esanse, na karte iko mu mufuko haisaidie kitu. Vijiji vingine vimeweka kasha ya pembeni ya transferi, ya mutumbwi, ya moto ao ya wenye kubeba kipoyi. Fanyeni vile.

11. Ni vitu gani mituweli haibebake?

Mara mingi: miwani, meno ya kubandika, operasio ya kupendeza sura, dawa zisizo za jeneriki, na magonjwa ya kudumu kama sukari ao tansio yanalipiwa nusu ao hayalipiwe. Soma mukataba. Hiyo ya sukari na tansio inaniumiza, juu ni wazee njo wanatia kotizasio kwa uaminifu kuliko vijana, na dawa yao ya kila mwezi njo inaachwa nje.

12. Kuko matunzo ya bure ata bila mituweli?

Iko, na usikubali kutozwa kwa mituweli wala kwa mufuko wako. Chanjo za watoto. Dawa za kifua kikuu. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Chandarua cha mama mwenye mimba kwa CPN (kliniki ya wenye mimba). Na mutu aliyebakwa, matunzo yake ni bure, afike mbele saa 72 hazijapita ili dawa za kukinga virusi zifanye kazi, asingoje karte ya mutu, asingoje ata ruhusa ya bwana.

Kuzaa bure ni programu ya serikali, ilianza Kinshasa mu 2023 na inaingia provense moja moja, si kila materinite iko ndani. Uliza ya kwenu mbele ya mwezi wa tisa.

## Uzuri wa matunzo

13. Juu ya nini wenye karte wanangojeshwa na mwenye keshi anapita mbele?

Hili njo swali lenyewe, mengine yote ni ya kulizunguka. Anfirmie wa santre ya kijijini, mara mingi serikali haimulipe mushahara, ao inamulipa ile prime kidogo yenye inafika siku inapenda. Anakula kwa yale yenye wagonjwa wanatoa. Mwenye keshi akiingia, jioni kuko kitu cha kugawana. Mwenye karte akiingia, ni deni: fakitire itaandikwa, itapelekwa mwisho wa mwezi, mituweli itaichunguza, italipa mwezi wenye kufuata, ao wa tatu, ao itangoja. Sasa weka wagonjwa wawili kwa benchi moja, wewe ungeanza na nani? Siwatetei wenye kudharau watu, lakini kuwahubiria heshima bila kulipa fakitire haigeuze kitu.

Kwa hiyo mbele ya kuuliza kama manesi ni wazuri, uliza mituweli yenu: "fakitire ya mwisho mulilipa lini?" Kama wako na deni la miezi ine kwa santre, karte yako haina nguvu ata ikiwa na muhuri tatu.

Namna ya kulipa pia inageuza matunzo. Mituweli ikilipa kitu kimoja kimoja chenye santre imeandika, utashangaa serumu zinatundikwa kwa kila mwenye karte. Niliona fakitire moja, mutoto wa miaka mbili aliyetunzwa asubuhi na kurudi nyumbani siku ile ile, wameandika perfusio mbili, vidonge vya parasetamoli vya mutu mukubwa, na usiku moja wa kulala. Mama yake alikumbuka siro moja tu. Ikilipa bei moja kwa ugonjwa moja, basi ni kinyume, santre inatafuta kutoa kidogo. Dawa ya hii yote ni munganga mushauri wa mituweli mwenye kupitia fakitire na rejista, laini kwa laini, na kupigia simu wagonjwa wachache kuwauliza walipewa nini. Mituweli isiyokuwa naye inalipa macho yamefungwa.

14. Dawa haziko, wananiandikia ordonansi niende farmasi ya nje. Mituweli itanirudishia?

Mara mingi apana, juu mukataba ni wa dawa zenye ziko ndani ya santre na kwa orodha ya dawa za lazima. Kama ni mara moja, vumilia. Kama ni kila mara, andika jina la dawa na tarehe, peleka kwa komite, na komite ikate ile dawa kwa fakitire ikiikuta. Angalia tena: kuko santre zenye dawa "haziko" ndani lakini ziko kwa farmasi ya pale barabarani, na mwenye farmasi munamujua.

15. Santre yetu ni mubaya. Tukiingia wote mu mituweli itakuwa muzuri?

Yenyewe, apana. Mfano wenye wataalamu wanarudiliaka ni wa Bwamanda, kule Ubangi, walianza bima ya hopitali mu 1986 na watu waliingia kwa wingi. Lakini walianzia kwa hopitali yenye ilikuwa inatumika vizuri, iko na wanganga, iko na dawa, watu walikuwa wanaiamini kabla. Na ata vile, wenye kukaa mbali na hopitali waliitumia kidogo kuliko wa karibu, wakati wote walilipa sawa. Kwa hiyo mbele ni matunzo, karte inakuya nyuma. Ukiuzishia watu bima ya santre yenye haina ata maji, mwaka wa kwanza wataingia kwa heshima ya padri ao ya mwami, mwaka wa pili hawatarudi, na watakuwa na haki.

Kitu mituweli inaweza kufanya ni kukamata mukataba mukononi. Pesa ya watu elfu moja yenye inafika kwa wakati ni nguvu, unaweza kuandika ndani: anfirmie aonekane usiku, dawa fulani zisikosekane, bei zibandikwe ukutani, ikikosekana tunapunguza. Mutu moja na 4.000 yake hawezi kusema hayo.

16. Nitajuaje kama santre inafaa kabla ya kulipa?

Enda siku ya soko, saa munane, kaa kwa benchi. Kuko maji ya kunawa mikono ao kuko ndoo kavu? Wanapima malaria mbele ya kutoa dawa, ao kila homa ni malaria? Bei ziko ukutani? Ingia materinite, angalia kitanda, uliza usiku wanawasha nini, solari ao tochi ya simu. Uliza titulaire (anfirmie mukubwa wa santre) anapatikana lini, si wanafunzi wa staji peke yao. Rangi mupya kwa ukuta na bendera ya mufadhili haikuambie kitu.

17. Nimetendewa vibaya, nilalamike kwa nani?

Anza na titulaire mwenyewe, saa ingine inaishia hapo. Kisha komite ya mituweli, juu ni wao wako na mukataba. Kisha CODESA, ile komite ya wananchi wa aire, hakuna mwenye anaikumbukaka lakini iko pale kwa kazi hiyo, na reko, ule mujitolea wa afya wa kijiji chenu, anajua wanakutana lini. Ikishindikana, biro sentrali ya zone, kwa munganga mukubwa wa zone. Andika barua, ata ya mukono, tia tarehe na namba ya karte. Maneno ya mudomoni yanapotea kwa korido.

## Kesi za pembeni

18. Tulikimbia vita, tuko zone ingine. Karte yetu itatumika?

Kwa kawaida haitumike, juu mukataba ni na santre ya kwenu. Mituweli zingine zilizo mu muungano moja zinaweza kukutambua, kwa hiyo beba karte na risiti ya mwisho, ata kama umeacha vyombo. Mbele ya kulipa chochote uliza kama pale muko kuko shirika lenye linatunza wakimbizi bure.

19. Hopitali wamemuzuia mugonjwa wetu juu ya fakitire. Mituweli inaweza kumutoa?

Ikiwa alikuwa mwanachama na alipita kwa bye ya transferi, mituweli inalipa sehemu yake, na barua ya kukubali deni mara mingi inatosha kumufungulia. Ita komite siku ya kwanza, si juma la pili, juu kila usiku wenye anazuiwa unaongezeka kwa fakitire. Kama hakuwa mwanachama, kumuandikisha leo haisaidie (swali la 7). Mubaki na biro ya huduma za kijamii ya hopitali, paruwasi, na kupatana mulipe kidogo kidogo, kwa karatasi yenye sinyatire.

20. Niko mwalimu, wananikataka pesa ya MESP (mituweli ya walimu) kwa mushahara. Niingie tena mu mituweli ya kijiji?

Angalia kwanza kama kuko santre ao hopitali ya MESP karibu na shule yako. Wa mjini wanayo. Wa mbali anakatwa kila mwezi na hospitali ya kumutunza iko siku moja kwa miguu, huyo sioni ubaya akiwa na zote mbili.

21. Niko na bibi wawili, nyumba mbili. Ni karte moja?

Inategemea sheria ya ndani, wengi wanahesabu kwa nyumba: kila mama na watoto wake karte yao. Muulize mapema, na musigawanye watoto kwa ujanja ili kupunguza bei, siku ya kulazwa jina halitaonekana. Mutoto wa ndugu mwenye kulelewa kwako anaandikwa kwako, ata kama hana karatasi ya kuzaliwa, chifu wa avenyu anaweza kushuhudia.

22. Mituweli yetu imefunga katikati ya mwaka. Pesa yetu?

Omba mukutano mukuu kwa maandishi, na majina ya wanachama wengi chini. Mudai vitu tatu: orodha ya waliolipa, fakitire zilizolipwa, na deni lililobaki kwa santre na hopitali. Mara mingi mutakuta pesa haikuibiwa, ilikwisha kwa sezarieni chache juu wanachama walikuwa wachache. Ikiwa iliibiwa, ile orodha na risiti zenu njo zitawasaidia mbele ya sheria. Wenye wako hospitalini siku ya kufunga wasemewe kwanza, komite iende kuongea na jestionere wa hopitali siku ile ile, mambo mengine yangoje.